Vipande sita ndani ya beseni

Béné, jibu.

Unajua kule stage ninakojifunza kazi, kwenye labo ya kupima béton, zege ya kujengea, kila asubuhi chef Fabien ananiambia: "Mama Léontine, tufungulie na sala." Leo ilikuwa siku ya kuponda kwa mashine, kupima nguvu, vipande sita vya béton nilivyomwaga mwenyewe kwenye chantier, pale inapojengwa shule ya Djugu. Nikaomba Mungu avitie nguvu. Wote: Amina!

Chef akavipanga kwenye mashine, mimi nikasoma namba. Vyote sita vikastahimili! Nililia, dada. Niliimba!

Kisha naenda kusafisha beseni tunamolowekea vipande kabla ya kuviponda, vipande vyangu viko mule ndani ya maji. Vyote sita. Mwandiko wangu juu yavyo!

"Chef, tumeponda vya nani?"

Akacheka. "Béton ya wale wajenzi wa shule iko na saruji kidogo, Mama, ingepasuka. Mungu ametupatia vingine. Saini rapport ya kipimo."

Mungu!! Alisema Mungu!

Watoto waliotoka kambi ya wakimbizi watasomea chini ya hiyo béton. Sikusaini.

"Basi stage yako ni zéro."

Miaka minne ya masomo ya jioni, Béné. Zéro.

Na saa ya kutoka, bila haya: "Mama, tufungie na sala."

Nikamwambia: "Leo omba weye."

Akaomba kweli. Akaomba vizuri kuliko mimi.