Waliyempiga Risasi Siye

Jumatatu, 3 Machi

Taya la bandia la juu la yule mteja mzee limekamilika. Nimeanza la mama mwingine, meno sita ya mbele. Maabara joto, madirisha yamefungwa, harufu ya nta imeniganda kwenye nywele. Tangu nirudi kazini nimekuwa nikiwaachia wenzangu chonge, meno makali ya pembeni. Leo mwenzangu anaumwa, ikabidi nizitengeneze mwenyewe. Nilisugua ya kushoto mpaka ikawa butu kabisa. Daktari wa meno atairudisha. Na airudishe.

Nimepanda barabara ya Chaussée d'Ixelles kwa miguu hadi kituo cha Porte de Namur, nikitembea karibu na kuta. Ngazi za metro nazishuka kwa ubavu, mgongo ukutani. Watu wanadhani nina goti bovu.

Mume wangu Joris kapika. Ana furaha. Hakusema ya nini.

Jumanne, 4 Machi

Furaha ni tiketi. Kanada, Julai, sisi wawili na Lotte. Lotte ni binti yake wa ndoa ya kwanza, miaka tisa, huwa kwetu mwisho wa juma. Joris anataka kumpeleka milima ileile, njia ileile tuliposhambuliwa Septemba na puma, yule paka mkubwa wa milimani. Tuimalizie hadithi palepale ilipoanzia, anasema. Puma mwenyewe si keshakufa?

Kweli maafisa wa wanyamapori walimpiga risasi, tukaonyeshwa picha. Mnyama amelala ubavu nyuma ya gari la wazi, rangi moja mwili mzima, hana doa, mkia mrefu umening'inia. Nilimtazama nikasema ndiye. Picha ile ndiyo iliyonilaza usingizi Oktoba nzima.

Joris anakumbuka mambo mawili tu: uzito ulioangukia mgongo wake, na barabara. Katikati hapo hana kitu. Hospitalini aliniuliza, nikamwambia nilimpiga puma kwa jiwe akakimbia. Daktari alikuwa amenishauri nisimpe mengi kwa mkupuo. Nilikusudia kumwambia mengine baadaye. Lakini alishaipenda hadithi ile fupi.

Nikamrudishia tiketi. Nimesema nimechoka.

Jumamosi, 8 Machi

Chakula kwa rafiki zake. Joris kasimulia tena, kwa Kiholanzi, kisha kwa Kifaransa kwa ajili ya wale wengine. Anasimulia vizuri. Anageuza shingo, anaonyesha kovu nyuma ya sikio. Mke wangu, anasema, akamrushia jiwe, paka akatimua mbio. Watu wakacheka, wakaniinulia glasi. Nikacheka.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kona. Mwenye nyumba akaniomba nibadilishane na mgeni mwenye miguu mirefu. Nikakataa. Wageni wakatazamana. Joris akaona haya kwa ajili yangu.

Namchukia anaposimulia. Halafu tukirudi namsikia akihema kwenye ngazi zetu, ghorofa ya tatu, tangu siku ile pumzi yake si nzima, na chuki yote inaniisha.

Jumatano, 12 Machi

Simu kutoka Kanada, nikiwa kazini. Yule afisa wa wanyamapori, mwanamke, aliyenikata kucha hospitalini wachukue manyoya na damu iliyokuwa chini yake. Sauti ya upole. Alianza kwa kuomba radhi, majibu ya vinasaba yamechelewa mno. Manyoya ya chini ya kucha zangu, na yale ya kwenye koti la Joris, ni ya dume. Waliyempiga risasi ni jike.

Siye.

Nikauliza kama mwenyewe wamempata. Hapana. Eneo ni kubwa, akasema, na dume huzunguka mbali. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Jike yule hakutukosea kitu. Alikuwa karibu tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Joris wakati wa chai ya asubuhi. Alimsikitikia jike, kweli alisikitika, aliweka kisu chini. Kisha akasema puma wako wengi kule, ni kwao, na watu wanaoguswa nao ni wachache sana. Haoni sababu ya kubadili safari. Akaendelea kupaka siagi.

Sasa dume yule yuko kila mahali. Simwoni, na hilo ndilo baya, maana hata kule sikumwona mpaka alipokuwa juu ya mtu. Mwisho wa jukwaa la metro. Chini ya magari yaliyoegeshwa mtaani kwetu hapa Saint-Gilles. Leo mbwa wa rangi ileile alikuwa amejilaza mlangoni pa duka la simu. Nikavuka barabara bila kutazama. Basi likafunga breki. Dereva alinitukana kwa mikono yote miwili, na alikuwa na haki.

Ijumaa, 14 Machi

Matonge, mtaa wa Waafrika, kusuka nywele. Maman Chantal ni Mkongo wa Likasi, ananisuka tangu nihamie mji huu. Alipozunguka nyuma yangu na kitana, mwili uliinuka wenyewe. Nikajikuta nimesimama, viganja vyote viwili shingoni. Saluni nzima ikanigeukia.

Maman Chantal hakucheka. "Weye unaogopa mukono yangu, maman? Ni miye tu."

Nikamwambia ni mnyama. Nilipoanza sikuweza kuacha. Nikamweleza yote, hata yale ambayo Joris hajui, hata safari ya Julai. Akahamishia kiti ukutani, akanisuka akiwa amesimama mbele yangu, tumbo lake likinigusa paji la uso, akilalamikia kiuno. Nywele zimekaa upande. Sijali.

Mwisho aliuliza kama bwana anajua. Nikasema anajua kidogo.

"Bon. Kidogo ile njo itaua mutoto," akasema kwa Kiswahili cha kwao, njo kwa ndiyo, akaenda kumhudumia mwingine.

Jumapili, 16 Machi

Lotte amejaa puma. Amechora puma, amesoma kuhusu puma, anajua wanaruka juu kuliko ukuta wa shule yao. Alimuuliza baba yake afanye nini akikutana naye. Joris akamwambia: jiwe moja, basi, anakimbia kama paka wa jirani. Wakafanya mazoezi sebuleni kwa soksi zilizokunjwa. Joris alikuwa puma. Kila soksi ilipompata, alilia nyau akakimbilia nyuma ya kochi. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi.

Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nilizikusanya zile soksi. Nikazikunja upya.

Mimi ni mwoga. Siyo wa puma. Naogopa kuuona uso wa Joris siku atakapojua.

Jumatano, 19 Machi

Taya la mama wa meno sita limerudi. Barua fupi: chonge haionekani kama jino. Nimeitengeneza upya. Nikavunja nyingine mbili.

Joris anauliza kwa nini simtazami.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, jua bado liko juu.

Joris alitupeleka msitu wa Soignes. Mazoezi ya miguu, alisema, kabla ya milima. Nilikubali kwa sababu nilitaka kumwambia huko, tukitembea, nisiwe namkabili usoni. Lotte alitangulia. Miti ya kule ni mirefu, imenyooka, chini kweupe, mtu anaona mbali. Nilijiambia hakuna pa kujificha. Hata hivyo nilitembea wa mwisho, na kila mara niligeuka. Niliokota tawi. Joris akaliona, akatabasamu, akadhani ni fimbo ya kutembelea.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Nilisema, Joris, kuna jambo. Hapo kitu kikaruka kutoka nyuma yangu, kutoka mtaroni.

Nilipiga. Sikufikiri, sikutazama. Nilipiga kwa nguvu zote, kwa mikono miwili, na nikainua tena.

Alikuwa Lotte. Alizunguka kimyakimya atushtue.

Joris ndiye aliyelidaka tawi. Pigo la kwanza lilimpata mtoto begani. La pili lilikuwa linakwenda kichwani. Ninajua. Mikono yangu ilijua inakokwenda.

Hakulia papo hapo. Alinitazama kwanza. Kisha akalia. Joris akambeba hadi kwenye gari, mtoto mkubwa vile, huku akihema, wala hakugeuka kuona kama nafuata. Daktari amesema mfupa ni mzima. Mama yake amekuja kumchukua. Alinitazama mara moja tu.

Joris yuko sebuleni. Nasikia televisheni.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, ambacho hatukula. Joris alikaa Moshi miaka sita kwa kazi ya visima, ndiko tulikokutana, na sisi wawili tukiwa na jambo zito tunaliongea kwa Kiswahili. Alianza yeye. Aliuliza kama mimi ni mgonjwa. Aliuliza kwa upole, na hilo liliniuma zaidi.

Nikamwambia puma hakukimbia.

Nikamwambia mawe yalikuwa mengi, mengine yalimpata yeye Joris. Kwamba nilimtia yule mnyama vidole jichoni ndipo akaachia shingo. Kwamba alirudi nyuma kidogo tu, akakaa kitako, akaramba mdomo. Nilimwinua Joris kwa mikanda ya mkoba wake na nikatembea kinyumenyume, uso kwa mnyama, nikipiga kelele kwa Kichaga kwa sababu ndicho kilichotoka. Na yule akatufuata. Njia yote mpaka kwenye gari. Hakuwa na haraka. Kuna mahali aliingia vichakani nisimwone, na hapo ndipo nilipojikojolea. Akatokea tena upande mwingine, karibu zaidi.

Joris alisikiliza mikono ikiwa juu ya meza. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa unaongea."

Hakuelewa. Nikasema lililobaki. Nilikuwa nimelishika miezi sita, likatoka kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Uliniita Lotte. Njia nzima ulidhani mimi ni Lotte. Ulikuwa unaniambia kimbia. Kimbia kwenye gari, baba anakuja. Kila uliposema hivyo puma alikuwa anainua kichwa."

Kwenye bango la mwanzo wa njia ile imeandikwa kwamba usimkimbie puma kamwe, ukikimbia tu umekuwa windo. Tulilisoma pamoja. Joris ndiye aliyenitafsiria neno moja.

"Lotte angekimbia," nikasema. "Wewe ukimwambia kitu, anafanya."

Joris aliinuka. Akaenda akafunga mlango wa roshani, ingawa jua lilikuwa zuri na chini watoto walikuwa wanacheza mpira. Akajaribu kitasa. Akarudi, akasimama nyuma ya kiti chake, hakukaa. Uso ule niliouogopa nikauona. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia mlango ukigongwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sikumshika. Nilitaka, lakini sikuwa na hakika kama ningevumilika.

Jumatano, 26 Machi

Joris amefuta safari. Alinijulisha kwa ujumbe wa simu, neno moja: nimefuta. Ninalala. Nalala kama aliyekufa. Naona aibu kulala hivi.

Yeye halali. Kila nikiamka namkuta ameketi.

Ijumaa, 28 Machi

Lotte alipiga simu, alimtaka Aika, yaani mimi, siyo baba yake. Bega limekuwa zambarau na kijani, amelionyesha darasa zima. Amewaambia kwamba nilidhani yeye ni puma. Aliuliza kama ni kweli.

Nikasema ni kweli. Nikamwomba msamaha, kwa Kiholanzi changu kibovu, pole pole, asikose neno. Akafikiri. Akauliza kama yule wa kweli bado yuko hai.

Nikasema yuko hai.

"Na wewe ulimpiga hivyohivyo?"

Zaidi, nikasema. Akasema sawa. Mwezi huu hatakuja, mama yake amekataa. Ataona mwezi ujao.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Kazini mataya mawili, hakuna lililorudishwa.

Jioni nimepika supu ya ndizi. Joris aliniuliza rangi ya macho ya yule puma. Tangu hospitalini hajawahi kuniuliza kitu chochote juu yake, miezi yote hii alikuwa anasimulia tu. Nikamwambia: kijani hafifu, kama maji yaliyokaa. Akauliza kama alikuwa mkonde. Nikasema hapana, alikuwa mwenye afya, mnyama mzuri. Akauliza alisimama wapi mwisho, tulipoingia garini. Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka mezani hadi kwenye jokofu.

Alilitazama jokofu muda mrefu.

Kisha akachukua kiti chake na bakuli lake akahamia upande wangu wa meza, ule wa ukutani. Tukala tukiwa bega kwa bega, tunatazama upande mmoja. Chumvi ilikuwa kidogo. Hakuna aliyeinuka kuifuata.