Bafta na Mlango wa Msiba

Dada Mariamu,

Kwanza pokea hii: hapa Garsen hakuna mwanamume mwenye bahati kunishinda. Nimelala Juba, nimekula Kampala, Mombasa hakuna kichochoro kisichonijua, kumbe bahati yangu ilikuwa inaningoja kwako. Nyumba ninayo. Cherehani ninayo. Na paka wako Bafta, yule aliyekuwa hataki binadamu mwingine chini ya jua, amenihamia mzima mzima. Nikijinyoosha tu kitandani, huyo, juu ya kifua changu, ananguruma kama lori la mchanga. Umeshindwa, dada. Kumlea umlee wewe, kupendwa nipendwe mimi!

Ungekuwepo ningekuwa nimeshakwepa kandambili.

Tangu tukuzike cherehani haijakanyagwa. Vitambaa vya watu nimevirudisha, kila mtu na chake. Kuna sare ya shule ilibaki bila mkono mmoja. Mama wa mtoto nilimwambia nitamtafutia fundi, akakataa. Akasema ibaki hivyo hivyo, ndiyo ya mwisho uliyoishika. Akaikunja akaiweka kifuani. Mimi nikatoka nje nikajifanya naongea na simu.

Lakini nataka tuzungumze habari za Bafta, maana najua huko uliko swali lako la kwanza si mimi.

Watu walikucheka sana, dada. Walisema Mariamu anamfungia paka ndani kama bibi harusi. Mimi mwenyewe, na ujanja wangu wote wa dunia, nilikucheka. Nilikwambia, paka ni wa kuwinda panya, si wa kukaa dirishani kama askari wa benki. Ukaniambia, "Wewe umetembea sana lakini hujaona kitu." Halafu ukanionyesha. Barabara ya Lamu hapo mbele, malori hayapungui mwendo hata kwa ng'ombe. Mbwa wa kituo cha mafuta. Na mafuriko yakija, panya wote wa mashamba wanapanda huku juu tuliko sisi, na kila mwenye gunia la mahindi anawawekea sumu. "Panya akila sumu hafi hapo hapo," ukasema. "Anatembea kwanza. Paka akimla huyo, ndio basi."

Ndiyo maana dirisha ulilipiga wavu wa waya. Ndiyo maana kila ukimaliza kushona ulipiga magoti na ile sumaku ya spika ya redio uliyoifunga kwenye fimbo, ukapitisha sakafu nzima kuokota pini, kisha ukafagia nyuzi mpaka uvunguni, kwa sababu uzi ukiingia tumboni mwa paka unamkata matumbo. Dawa ya mbu ya kuwasha haikuingia chumba anacholala. Panadol ulizifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, ukanitishia kidole: hata akiugua, hata akilia, usimpe ya binadamu, ni sumu kwake. Beseni lake la mchanga wa mto ulilibadilisha kabla hujanywa chai. Kambare wake ulimchemsha bila chumvi wala kitunguu, ukamtoa miiba kwa vidole, na mimi ndugu yako wa tumbo moja nikala wangu na miiba yake yote.

Na siku ile maofisa wa mifugo walipokuja kuchanja mbwa, ukaenda na Bafta ndani ya kikapu chenye kifuniko, ukapanga foleni katikati ya mbwa wa Garsen nzima. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, hiyo ni kuku au ni nini?" Ukamjibu, "Ni mkweo." Foleni yote ikavunjika kwa kicheko. Wallahi siku ile nilijivuna kuwa wako.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Ulipokata roho, wanawake walikuoshea chumbani. Bafta alitolewa, na haki yao, pale si mahali pa paka. Nikamweka sebuleni, nikafunga mlango. Jirani yako Mama Hadhiya akaja na wenziwe wa Kiorma, wametembea kutoka malishoni. Akaufungua. Nikaufunga. Akaufungua tena, safari hii akauegemeza jiwe. Akaniambia kwa upole, "Baba, hapa pana msiba. Mtu akija asikute mlango umefungwa, atadhani hamumtaki." Ningemwambia nini? Niseme namfungia paka, na wewe umelala pale? Ndivyo tulivyolelewa, dada, kule Chewele na hapa pia. Nyumba ikifiwa inakuwa ya watu wote. Hata wewe ungeliweka hilo jiwe, kama msiba ungekuwa wa mwingine.

Bafta akapita katikati ya viatu vya waombolezaji. Nilimwona mkia tu. Miguu ambayo haijawahi kugusa vumbi.

Tulikuzika. Nikatoka makaburini sikwenda turubai la wanaume, nikaenda kituo cha mafuta. Nilitambaa chini ya malori na kanzu nyeupe ya mazishi, mkononi sahani ya kambare, naita pis pis pis. Walisema masikini, huzuni imempanda kichwani. Dereva mmoja akanishika bega akaniuliza, "Ndugu, umepoteza nini?" Nikamwambia nimempoteza dada yangu. Akazima injini, akalala chini na yeye, akaanza kutafuta, hata hajui anatafuta nini!

Tulimpata Bafta siku ya tatu, hitima imeshasomwa. Yuko chini ya ghala la mahindi nyuma ya duka. Nilifurahi, dada, nikampakata, nikampeleka nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Halafu nikaona hali yake. Nikaona ana damu puani.

Nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Akaniambia, "Mimi ni wa ng'ombe na mbuzi, ndugu yangu. Ungeniletea ndama ningekujibu mara moja." Lakini hakunifukuza. Alimfunua mdomo, akanionyesha fizi, nyeupe kama bafta ya jina lake. Akasema amekula panya aliyekula sumu, damu inamvuja kwa ndani. Iko dawa, akasema, sindano na vidonge, lakini hapa hana. Akapiga simu Malindi, wanayo. Tatizo, Malindi haifikiki. Maji yamekata barabara, mabasi yamegeuka. Nilitafuta boti, nilitafuta lori refu, nikataja majina ya watu wakubwa ninaowajua. Huwajui wewe. Hata wao hawanijui.

Basi tunakaa. Nimemtandikia gauni lako la zamani, namtilia maji kwa kijiko pembeni ya mdomo, kidogo kidogo asije akapaliwa. Mama Hadhiya kila asubuhi analeta kikombe cha maziwa, ya moto kutoka kiweleni. "Ni yatima huyu," anasema, "mpe." Hajui la lile jiwe, na sitamwambia maisha yangu yote. Wewe uliniambia maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Na maziwa ya Muorma hayarudishwi. Kwa hiyo nafunga mlango nayanywa mwenyewe, narudisha kikombe, nasema amemaliza. Sasa nimejua ulivyonenepa.

Leo maji hayamezi tena. Yanatoka upande wa pili.

Nakuahidi hili, dada. Sitamtupa kando ya barabara kama wanavyotupwa wengine. Ikifika, nitamfunga kwenye kile kitambaa cheupe kilichobaki mezani kwako, nitamchimbia chini ya dirisha lake, ndani zaidi ya mbwa wanavyoweza kufukua. Mpaka hapo siondoki. Kwaheri, dada yangu. Mimi kulea sikufunzwa, nilifunzwa kusafiri tu.

Na ile habari ya kifuani ni uongo. Bafta hajanipanda hata siku moja. Yuko chini ya cherehani yako, ameukumbatia mguu wa chuma, pale ulipokuwa unaweka wako, na nikimgusa anavuta mwili wake pembeni, na nguvu za kuuvuta hana.

Mdogo wako,
Omari