Matanga Barazani kwa Mama

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tena! Ile ya upepo, inayoingia barazani kwa ubavu kama imealikwa. Nimekimbilia cherehani kwanza, halafu ndiyo nikamkumbuka Mama — Mungu anisamehe. Nimemkuta kalowa mtandio wote na hataki kunyanyuliwa. Tangu apate kiharusi mwaka jana maneno yake ni ya kuhesabu, lakini "hapana" anaijua.

Baraza ndiyo maisha yake. Hapo anaona watu wanaotoka sokoni Kilindoni, anapewa shikamoo arobaini kwa siku, na marahaba haijawahi kumkwama ulimini. Nikimweka ndani, kimya. Anaangalia ukuta. Hata uji hagusi.

Na kaka Suleimani kapiga simu ya video saa ile ile! Kaona mtandio unachuruzika. Kasema hataki ugomvi na mimi, lakini Pasaka ana siku nne za mapumziko, atakuja Ijumaa Kuu, na akirudi Dar anarudi na Mama. Kwake kuna vigae, feni, hospitali karibu, na mkewe Nasma yuko nyumbani muda wote. Nikamwambia kule geti linafungwa mchana kutwa, nani atampa shikamoo? Kasema shikamoo haimkingi mtu na nimonia.

Nimekasirika kwa sababu ana haki. Lakini nina siku kumi na mbili! Ubaya ni mvua na jua, si Mama. Nitaliziba baraza hili likae kavu masika yote, aje aone mwenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimetoka kwa Sospeter, yule Msukuma mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kapanda ngazi, kashusha turubai — la bluu, zito, lina matundu ya chuma pembeni ya kupitishia kamba. Kasema, dada Shufaa, hili kwetu tunafunikia pamba, mvua haliijui. Nimelikumbatia njia nzima!

Tumelifunga saa kumi. Upande wote wa kusini umezibwa, kutoka kwenye bati mpaka chini. Baraza zima limekuwa bluu. Mama bluu, chai bluu, mashati ya shule ninayoshona bluu, nayo ni meupe. Nimecheka peke yangu mpaka Mama kaniangalia.

Jumanne, 8 Aprili

Joto! Saa sita mchana nyuma ya turubai ni sawa na kukaa kwenye tanuri la mikate. Mama katoka jasho nimemfuta kwa taulo. Na barabara haioni — nimemfungia ndani akiwa nje. Nikalikunja. Ikanyesha. Nikalikunjua. Likatoka jua.

Alasiri ukaja upepo wa kusi. Turubai likawa linapiga makofi, pwaa, pwaa, Mama anashtuka kila mara, halafu likachanika kutoka tundu la kwanza mpaka la mwisho. Sospeter kapita, kaangalia, kashika kichwa. Kasema kwao upepo hauna tabia hii. Kataka kulitia viraka, nikamwambia la kuvunda halina ubani. Kaondoka na huzuni kuliko mimi.

Siku kumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo niandike vizuri, nisije nikasahau. Mama amesema neno jipya!

Nilikuwa nimekaa sakafuni na lile turubai, nanung'unika. Nataka kitu cha nguo, kipitishe hewa, kizuie maji, kifungwe na kufunguliwa mara moja, na kitu hicho hakipo duniani. Mama kanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kaligusa turubai, kasonya. Kisha kasema, "Tanga."

Nikadhani anataka kwenda Tanga mjini! Nikamuuliza, Tanga kwa nani, Mama? Kasonya tena. Kafumba mkono kama ameshika kamba, kavuta chini, kavuta, kavuta. "Tanga. La baba."

Tanga la chombo! Mama ni mzaliwa wa kisiwa cha Jibondo, baba yake alikuwa fundi wa vyombo, kakulia katikati ya watu wanaoshona matanga. Na mimi, fundi cherehani mzima, miaka yote hii naliona tanga ni la baharini tu. Kumbe ni nguo! Ya pamba! Inayopigwa na mvua na jua na upepo tangu siku ya kwanza!

Nimempigia Abdulswamadu, mtoto wa mjomba, yuko huko huko Jibondo. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Kasema siku hizi wao ni injini, na wenye matanga wanashona ya mifuko ya plastiki, lakini darini kwake yamelala mawili ya zamani, ya kitambaa cha marekani, ile pamba nzito, panya wameyaonea huruma. Jumamosi analeta. Kaka simwambii kitu. Nataka aone kwa macho yake.

Sijashona shati hata moja leo.

Jumamosi, 12 Aprili

Yamefika! Mawili, rangi ya chai ya maziwa, yananuka chumvi na moshi. Abdulswamadu kayatua barazani, katoa shikamoo, kaitikiwa. Mama kavuta ncha ya moja, kainusa, kalia. Nami nikalia. Abdulswamadu katuangalia, kasema kama yananuka vibaya kiasi hicho atayarudisha.

Kisha taabu: tanga lina pembe tatu, baraza lina pembe nne. Nimezunguka saa nzima na futi shingoni. Halafu — kwani mawili ni ya nini! Moja likae wima, jingine kichwa chini, mgongo kwa mgongo. Kama vile ninavyopanga vikwapa vya kanzu ili nisipoteze kitambaa. Yanatimia pembe nne, na pale yanapokutana panafunguka: nikitaka Mama aone barabara nafungua moja, nikitaka kivuli nafunga yote.

Abdulswamadu kabaki kuchimbia nguzo mbili za nje. Mama anaelekeza kwa kidole. Pale. Hapana. Pale. Mtoto wa mjomba kafukua shimo moja mara tatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimevunja sindano tatu za mashine. Kitambaa kikikunjwa mara mbili mashine inagoma. Mama kanitazama, kacheka — kacheka! upande mmoja wa mdomo tu, lakini ni kicheko — kasema, "Mkono." Basi nashona kwa mkono, na sindano ya magunia. Yeye anashika upindo kwa mkono mzima na kuukandamiza kwa ule mgonjwa.

Ule mgonjwa! Elineema, nesi aliyepanga chumba chetu cha uani, katoka zamu katukuta hivyo hivyo. Kasimama na mkoba wake. Kasema miezi mitano anambembeleza bibi auminye mpira wa mazoezi kwa mkono huo, bibi hataki. Kasema nimwache ashike tanga, nisimwambie hata kwamba tumeona.

Jumatano, 16 Aprili

TUMEPANDISHA.

Saa tisa alasiri. Upepo ukayajaza kidogo, yakatulia. Hayapigi makofi! Nimekaza kamba mpaka ukizigonga zinalia. Nyuma yake kuna kivuli cha rangi ya asali na hewa inapita. Mama kaketi katikati, wapita njia wanasimama kushangaa, shikamoo zimeongezeka maradufu na anaitikia zote.

Sikuweza kungoja Ijumaa Kuu. Umeme umekatika tangu jana, simu imebaki na chaji ya mwisho, nikamwandikia kaka haraka haraka:

"Kaka, tumeweka matanga leo hapa nyumbani. Mama hana tena shida ya mvua wala jua. Amepumzika. Wahi uje uone mwenyewe."

Imekwenda, na simu ikazima hapo hapo. Nina furaha sijui niiweke wapi!

Alhamisi, 17 Aprili, saa nne asubuhi

Ya Rabi, nimefanya nini!

Saa mbili nasikia kilio njiani. Natoka: mama mdogo Umi, mdogo wake Mama, kavuka kutoka kisiwa cha Juani tangu alfajiri, nyuma yake wanawake kumi na kitu, mikeka, masufuria, gunia la mchele. Nikauliza nani kafariki. Umi kanikumbatia, kasema mwanangu, shukuru, sote ni wa Mungu. Nikajua ni mtu wangu. Nikaanza kulia nami! Tunalia wote pale uwanjani, na mimi hata simjui ninayemlilia.

Nyuma ya tanga Mama akauliza, "Nani?"

Umi kakaa chini mchangani, puu. Wawili wakakimbia. Ilibidi nifungue tanga wamwone Mama na kikombe chake cha chai, ndipo wakarudi, na hata hapo mmoja kamgusa kwanza kwa kidole.

Nimesomewa meseji yangu mwenyewe kwenye simu ya Umi. Kaka ndiye aliyemtumia. Kila neno linanipiga kofi. Tumeweka matanga! Kichwa changu kilijaa nguo na kamba. Matanga ya msiba hayakunipitia akilini hata kidogo. Na "amepumzika"! Kaka alipiga simu yangu mara nyingi, imezima. Akampigia Umi, akaagiza Mama asizikwe mpaka afike. Sasa tumempigia kwa simu ya Umi kumwambia, haipatikani. Yuko kwenye ndege.

Wanawake hawajaondoka. Umi kasema mchele ukishavuka maji haurudi Juani. Wanapika.

Alhamisi hiyo hiyo, alasiri

Kaka kafika saa tano na nusu kwa bodaboda, kanzu nyeupe, begi kalikumbatia. Kaona watu, mikeka, moshi wa kupikia — matanga kamili. Nilimkimbilia, nikamwambia kaka, ngoja, kanisogeza kwa mkono bila kunisikia. Kavua viatu mbali kabisa. Kaingia kainamisha kichwa, anapeana mikono bila kutazama sura, poleni, poleni, mpaka kafika kwenye kiti cha Mama, kaushika mkono wake, kasema pole.

Mama hakumwachia. "Na shikamoo?"

Sijawahi kumwona kaka akilia. Baba alipofariki hakulia mbele yetu. Leo kalia magotini kwa Mama kama kitindamimba, na yeye ndiye mkubwa wetu. Begi likafunguka, na sanda aliyoinunua Dar ikamwagika mkekani. Mama kaipapasa, kama anavyopapasa kila kitambaa siku hizi. "Nzuri," kasema. "Weka." Umi ndiye aliyeanza kucheka, baraza zima likamfuata.

Mimi sikucheka sana. Kaka alipopata sauti kaniita pembeni, hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Kasema, "Shufaa, nimemzika Mama usiku kucha peke yangu. Sirudii tena nikiwa mbali. Jumamosi naondoka naye." Viti viwili vya ndege ameshavitafuta. Nasma anangoja jibu moja tu, aandae chumba. Nimeomba radhi. Maji yamemwagika. Na matanga yenyewe hajayatupia hata jicho.

Mvua! Inakuja kutoka kusini, naiona inavyoificha minazi mmoja mmoja. Watu wote wamehamia nyuma ya matanga, wamebanana na masufuria yao. Naandika nimeegemea cherehani, nisipoandika nitapiga kelele.

Imefika. Mshindo wa maji kwenye kitambaa! Mwanzoni ilipenya kidogo, manyunyu tu, kisha kitambaa kikalowa kikajifunga. Haipiti! Karatasi hii kavu. Mtandio wa Mama mkavu, nimekwenda kuushika. Kaka naye kanyoosha kiganja chini ya tanga, kakigeuza, kakitazama.

Kuna kitu kinalia. Nguzo ya baraza! Kamba zimelowa, zimefupika, zinaivuta mpaka bati linainuka — nilizikaza mno, mimi na furaha yangu. Mama kaona kabla yetu sote. Kapaza sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima: "Legeza!"

Kaka ndiye aliyekuwa karibu. Karuka, kaifungua kamba kubwa, tanga likamburuta hatua mbili mvuani, kakita miguu na kanzu yake nyeupe. Bati limekaa. Lakini kuifunga tena hajui, mtu wa ofisi, na akiiachia tanga lote linakwenda. Anamuuliza Mama afanye nini. Mama anamwambia ashike. Upepo ukija, atoe kamba. Ukipungua, avute. Anampigia hesabu kwa mkono, na ni ule mgonjwa! Elineema, aliyerudi zamu, kaniminya bega mpaka kalamu imeruka.

Kaka anatoa, anavuta. Ameanza kuelewa. Maji yanamtiririka ndevuni, na barazani hakuna tone. Anauliza ashike mpaka lini.

"Mpaka masika yaishe," Mama kasema. Sentensi nzima!

Simu ya kaka inalia hapa mkekani, miguuni pangu. Ni Nasma. Kaka ananionyesha kwa kidevu niipokee. Nipokee nimwambie nini? Mikono yake yote miwili iko kwenye kamba, na Mama hajasema aachie.