Mnong'ono wa Sunneva Dirishani

Shangazi Ásdís wa gazetini, nakusihi haya yabaki kati yetu, usimtajie mtu jina langu, maana Akureyri ni mji mdogo na mimi ni karani mchanga wa ofisi ya bandari.

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili. Unajua desturi yetu ya majira haya ya Krismasi, mtoto huweka kiatu dirishani, na usiku ndugu mmoja kati ya wale kumi na watatu wa hadithi wanaoishi mlimani hupita kumtilia kizawadi, au kiazi akiwa mtundu, basi binti yangu Sunneva, wa miaka sita, alimwambia mama yake anataka chungwa, mimi akaniambia kifutio, kisha akaunong'onezea mlima jambo la tatu hadi kioo kikafanya ukungu, na sisi bila kuulizana kila mmoja akatia chake. Asubuhi nilimkuta amekaa katika mwanga wa buluu wa theluji, kiatu mapajani kama paka aliyelala.

"Baba, vimekuja nilivyowaambia nyinyi. Nilichouomba mlima hakikuja."

Nikadhani yamekwisha. Akaugeukia mlima.

"Lakini labda hawakusikia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Jumapili, akipita ndugu wa mwisho, nitalifungua."

Mke wangu Dagrún anacheka. "Kajibanze nje chini ya dirisha, usikie, umletee, yaishe. Au bwana karani anaogopa baridi?"

Natamani kwenda, Shangazi, maana mimi pia utotoni niliuamini mlima, hata nikauota ukitembea, lakini nikisikiliza ataamini tena kwa hila yangu, na nisiposikiliza naogopa mlima utamnyamazia milele na mimi nitakuwa baba mwongo.

Nijibu gazetini, Sunneva hajajua kusoma. Usipige simu nyumbani, yeye ndiye hupokea. Ikibidi, piga ofisini saa ya kahawa, uulizie meli ya kisiwa cha Grímsey, nitaelewa.

Karani mwenye hofu

SHANGAZI ANAJIBU

Pole, mwanangu, lakini acha kutetemeka. Wazo la kwanza humjia kila mtu bure. Binti yako alilipima lake, kwamba ni nyinyi mnaotia zawadi, akapata jibu, kisha akalishuku hata hilo jibu lake. Wapo wazee hapa mjini hawajafika huko.

Nawe unataka kujibanza kwenye theluji umharibie kipimo! Ukifanya hivyo atajifunza kwamba alipofikiri vizuri alikosea. Huo ndio uongo mbaya. Dagrún naye mwambie baridi imemwingia kichwani.

Jumapili kaa ndani. Tia karanga kiatuni, kitu asichowaomba nyinyi. Akikuuliza nani ametia, muulize kwanza, "Wewe umejuaje?" Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Halafu mwambie kweli, "Ni sisi." Akilia, mkumbatie, usirudi nyuma.

Kisha weka kiatu chako dirishani, ukalale. Mlima sasa ni wake, na zamu ya kutia zawadi ni yake.