Dawa Haiambiwe Merci

Maman yangu mupenzi,

Nakusalimia na meno yote inje. Goti yako iko aje? Kile kikohozi cha mvua kilikuachaka? Mie niko muzima, nanenepa, ni masikio tu njo baridi ya huku inakata. Nsimire, dada, weye mwenye unamusomea Maman, usiruke mahali nitakutaja vibaya.

Maman, kaa kwanza. Nilikutia mu muchezo.

Iko hivi. Dimanche, siku ya misa, nilimubebea mwanafunzi moja frigo, kule Ixelles, mutaa ya huku kwa bazungu, mpaka quatrième étage, gorofa ya ine, ku ngazi tu, ascenseur hakuna. Jina yake Benoît. Kufika yulu, nakuta benzake batatu banazunguka meza, na makaratasi, na kete za pembe mingi. Haiko kamari, hapana! Luc anahadisia safari, bengine kila mutu anajifanya mutu wa ile hadisi, na kete njo inaamua kama utapona ao utaanguka. Benoît ni askari. Sophie ni askari. Wa tatu, askari tena.

Nikauliza, "Na mwenye kubatunza mukiumia?"

"Personne, hakuna mutu."

"Alors mutakufa bote."

Benoît akacheka. "Bon, kaa, weye njo utatutunza. Kuko frites."

Kusikia frites, viazi ya kukaanga, nikakaa.

Banipa fiche, karatasi ya kujaza. Muganga wa pori, bao banaitaka druide. Jina? Nikaandika yako, Mama Faida. Nguvu: kete ikatoa six, sita tu. Nikasema sawa, Maman habebake frigo. Hekima: dix-sept, kumi na saba ku makumi mbili! Silaha? "Kinywa yake." Mu kikapu nikatia mubirizi ya tumbo na ya sumu, muravumba ya kikohozi, na yale majani ya kando ya muto, jina sijuake, nikaandika "ya Maman".

Tukaingia mu pori. Nyoka ikamuuma askari wa Sophie (usiogope, ni nyoka ya maneno tu). Nikamutwangia mubirizi, kete ikakubali, Sophie anafurahi: "Oh, merci!"

Nikaruka. "Umeua dawa! Kwetu dawa haiambiwe merci! Ukiishukuru inarudi mu pori!"

Luc akaniangalia. "C'est vrai?"

"Vrai, kweli kabisa."

Akakuna kichwa. "Bon, sheria ni sheria. Dawa imekufa. Sumu inaendelea."

Kumbe ule askari, Sophie iko naye miaka tatu, kila dimanche. Akikufa, banapasula fiche, kwisha. Musichana wa batu akaanza kupepesa macho, na ni kinywa yangu njo ilimuponza. Nikaweka frites chini.

Nikasema mbio, "Kuko njia! Muganga anamutukana mugonjwa, mugonjwa anarudisha, merci inafutika."

"Tukana basi," Luc akasema.

Nikamutazama Sophie. "Toka hapa, kichwa kama sufuria ya harusi!"

Sophie akasimama. "Na weye, macho ya kuku! Frigo uliigongesha ku kila étage!"

Luc akamupa kete. Ikazunguka, ikazunguka, ikalala: dix-neuf, kumi na kenda! Tulipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga plafond, dari yake. Sophie akanikumbatia, akafungua kinywa, akakumbuka, akaiziba na mikono mbili.

Sasa banasema nikuye kila dimanche. Maman, mwaka muzima huku dimanche yangu ilikuwa kitanda na dirisha. Leo kuko kiti yangu.

Lakini shida njo hii: ile ya kutukana nilibuni palepale. Weye nilikuonaka unafukuza batu benye kukushukuru, lakini sikubakiaka kuangalia kama uko unatengeneza dawa nyuma yao. Nilikuwaka mu soko nauza.

Salimia tonton Déo, ndugu yako fundi viatu, na tantine Régine wa makala, na bwana ya Nsimire, kama angali anavumilia.

Na uniambie kweli, mbele ya dimanche ingine: mutu akisema merci, unafanyaka nini? Mu muchezo tunapanda volkano, Maman, na batu ya huku banashukuruka hata mulango.

Mutoto yako,
Murhula
(dimanche: Mama Faida)