Mluzi wa Mzee wa Idodi

Shangazi, kamwene, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani.

Redio yako bado iko pale dirishani, betri ya gari chini yake, na kiwanda cha mbao cha jirani bado kinapiga kelele hadi Jumamosi. Kilichobadilika ni kimoja tu: nimeiunganisha na kompyuta. Najua ungekunja uso na kuniuliza: "Hiyo kompyuta yako inasikia kwa niaba ya nani?"

Pale wodini uliniachia kazi moja. "Mwambie mzee wa Idodi asiningoje." Nikasema sawa, nikidhani ni kazi ndogo. Kila Jumamosi saa kumi jioni mlikuwa mnaongea redioni kwa Morse, milio mifupi na mirefu, herufi moja moja, miaka yote hiyo, na hamkuwahi kuonana. Namba za simu hamkupeana. Ulisema simu ni ya watu wenye haraka.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nikakaa kwenye kiti chako. Mota za misumeno zilikuwa zinaingiza redioni ule mlio mwembamba usiokoma. Wewe ulikuwa unafumba macho, unang'ata penseli, unamsikia mzee humo humo. Mimi masikio hayo sina. Nikawasha programu ya kupunguza kelele, na kweli, Shangazi, mlio wote ukazama, nikawasikia watu wa mbali wakizungumza utadhani wako sebuleni.

Lakini Idodi kimya. Jumamosi tano, kimya. Nikaanza kuamini kwamba na yeye ametutoka, nami nimebaki na ujumbe wako mdomoni. Niliona aibu hata kupita karibu na kaburi lako.

Jumamosi ya sita umeme ukakatika. Kompyuta ikazima, redio ikabaki hai kwa betri yake. Nikachomeka hedifoni moja kwa moja redioni. Na pale pale, kwa mbali, mluzi: mfupi, mrefu, mfupi. Alikuwa anaita herufi za kituo chako.

Nikajibu, nikigonga herufi polepole kama ulivyonifundisha. Hakuniacha nimalize. "Huu si mkono wake. Wewe nani?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa kaka yako. Nikamwambia umefariki, na kwamba ulisema asikungoje. "Amefariki" ina herufi tisa tu, lakini sijawahi kugonga neno refu vile. Kisha akauliza: "Nimeita kila Jumamosi. Hukunisikia?"

Swali hilo lilinikosesha raha wiki nzima, nikaamua kufanya majaribio. Nikaweka maikrofoni mezani, nikawasha programu. Nikaimba, ikaiacha sauti yangu ipite. Nikapiga mluzi wa sauti moja, ukafutika. Nikavuta "aaa" ndefu bila kuipandisha wala kuishusha, nikafifia taratibu hadi nikapotea. Kumbe kwa programu hiyo mtu ni yule anayepanda na kushuka. Sauti iliyonyooka inaihesabu kuwa kelele. Na mluzi wa Morse umenyooka sawa na wa msumeno. Mzee alikuwepo siku zote, mimi ndiye niliyemfuta.

Nashangaa wewe ulitofautishaje. Mluzi wa mota na mluzi wa mzee, yote imenyooka, yote myembamba. Nimezima programu, nafumba macho, penseli nimeing'ata hadi ina meno yangu juu ya yako. Nadhani naanza kuipata tofauti. Mota haipumziki, ila mzee husita kidogo kabla ya jina lako.

Sasa la mwisho, ambalo nimelichelewesha makusudi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba watu wa redio wakiagana hutuma sabini na tatu, yaani salamu njema, na kwamba themanini na nane hutumwa kwa mpenzi tu. Mzee alipomaliza alituma themanini na nane. Nikadhani amekosea, nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kisha akaongeza: "Si yako. Mfikishie."

Ndiyo maana kila Jumamosi, dakika ya mwisho ya maongezi yenu, ulikuwa unachomeka hedifoni, Shangazi. Nami niliamini kwamba hutaki kunisumbua kwa kelele. Nimecheka, halafu nimelia sana.

Jumamosi saa kumi nitakuwa kwenye kiti chako, kompyuta imezimwa, nimpe mzee mtu wa kumjibu. Nakuahidi hilo kwa kadiri yeye atakavyoendelea kuita.

Ujumbe wako umefika. Wake ndio huu, nakusomea kwa sauti: themanini na nane.

Pumzika, Shangazi.