Dawa Mbili Hazipigani

Dada Adhiambo,

Nilikukosea. Ni mimi nilikuambia uache matibabu ya miale ya saratani kwa sababu uko kwa kemo, zile dawa za mshipa, eti dawa mbili zitapigana ndani yako. Watu kanisani wakasema umeogopa, na mimi nikawaacha waamini hivyo.

Leo nikitoka Kawangware mvua imenipata mtaani Lindi, nikajificha kwa kibanda cha Zainabu. Yeye hufanya kazi maabara ya utafiti wa saratani, Jumamosi anakaanga sambusa. Nikamweleza mambo yako, akacheka.

"Mzee, nyama ukiimwaga kwa mafuta bila kuifunga kwa unga si itatawanyika? Sisi tunaifunga kemo kwa vifuko vidogo sana vya polima, kitu kama plastiki, ifike kwa uvimbe, iulegeze, ndio miale ipige. Bado tunajaribu. Lakini hata kemo ya kawaida husaidia miale. Nani alimdanganya huyo mama?"

"Ni mimi."

Akaniwekea sambusa ingine. "Kula, halafu urudi nyumbani."

Nimepigia kliniki simu, nafasi yako ya miale bado iko. Kula vizuri, dada yangu, upate nguvu. Jumapili hii nitasimama kanisani niseme ni mimi nilikuzuia, na Jumatatu saa moja asubuhi nakupeleka mwenyewe.

Ndugu yako, Ochieng